Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchunguza hataza ya dawa kabla ya kupeleka maombi TMDA

Ndani ya mwezi mmoja zimefika mezani kwangu ripoti tatu, mbili za mawakili vijana wa hapa Arusha na moja ya mfamasia wa Moshi anayetaka kuagiza dawa kutoka India. Zote zinajibu swali moja: dawa hii naweza kuileta na kuiuza bila kushtakiwa? Ya kwanza imesema ruksa, kwa sababu TMDA, mamlaka ya serikali inayosajili dawa, imeshasajili dawa kama hiyo. Ya pili imesema haiwezekani, kwa sababu hataza (patent) ya Marekani bado ina miaka sita. Ya tatu imesema ruksa, kwa sababu Tanzania imesamehewa hataza za dawa hadi 2033.

Zote tatu zimekosea, na aliyeziagiza angeweza kupoteza mtaji wake wote kwa kuziamini. Mbaya zaidi ni ile ya pili. Ile ingemnyima mgonjwa dawa ya bei nafuu ambayo huenda hakuna mtu yeyote mwenye haki ya kuizuia hapa nchini. Kwa hiyo naandika kazi nzima hatua kwa hatua, kama ninavyomfundisha wakili anayeanza ofisini kwangu.

## Usichanganye mambo haya mawili

Cheti cha TMDA kinasema dawa ni salama, ina ubora na inafanya kazi. Kinatolewa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiingize nchini wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Hiyo iko chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, na ofisi yake ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Cheti hakikukingi na hataza, na hataza haimpi mwenyewe ruhusa ya kuuza dawa isiyosajiliwa.

Wengi hupotea hapa kwa sababu wanajifunza kutoka kwenye maandiko ya Marekani. Kule, tangu sheria ya Hatch-Waxman ya 1984, anayeomba kusajili dawa ya jeneriki, yaani nakala halali ya dawa ya mvumbuzi, lazima atamke msimamo wake kuhusu kila hataza iliyoorodheshwa kwenye Orange Book, orodha rasmi ya dawa zilizoidhinishwa kule. Mwenye hataza akishtaki ndani ya siku 45 tangu apewe taarifa, idhini inaweza kusimama hadi miezi 30. Mgogoro unajitokeza kabla kidonge cha kwanza hakijauzwa.

Kwetu utaratibu huo haupo. Cheti kitatoka, shehena itavuka Namanga au Holili, dawa itafika madukani, ndipo barua ya wakili wa upande wa pili ibishe hodi. Kuangalia mapema ni kazi yako.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kutafuta chochote kabla hivi havijawa mezani:

- Jina la kimataifa la dawa, yaani jina la kiambata hai (kile kinachotibu), pamoja na aina ya chumvi yake.
- Umbo na nguvu ya dawa: kidonge, sindano, dawa ya maji, miligramu ngapi.
- Matumizi yatakayoandikwa kwenye kipeperushi cha ndani ya boksi.
- Sehemu ya ubora ya dosia ya kiwanda, yaani jalada la maelezo ya dawa linalopelekwa TMDA, hasa 3.2.S inayoeleza kiambata na 3.2.P inayoeleza dawa iliyokamilika. Kiwanda kikikataa kuzitoa, omba walau muhtasari kwa mkataba wa kutunza siri.
- Orodha ya nchi ambako dawa itauzwa. Andika nchi moja moja, usiandike "Afrika Mashariki".
- Lahajedwali lenye safu hizi: namba ya hataza, mmiliki, tarehe ya kuwasilisha, nchi, hali, madai, maoni.
- Mfamasia au mkemia wa kukaa naye siku nzima. Usimpigie simu ya dakika tano.

Hicho cha mwisho ndicho mawakili wanachokiruka. Sisi tumesoma sheria, tukapita Law School of Tanzania, tukaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na pengine kemia tuliiacha kidato cha nne. Hakuna aibu. Kosa ni kujifanya unaelewa mchoro wa molekuli.

## Hatua ya 1: Ondoa jina la dukani

Mteja atakuja na jina la biashara. Liweke pembeni, maana jina la biashara ni alama ya biashara na ina sheria yake. Unachohitaji ni kiambata hai.

Kwa nini? Kwa sababu dawa moja inaweza kuwa na majina kumi sokoni, na jina moja linaweza kubeba viambata viwili au vitatu. Kidonge kimoja cha VVU kinachotumika sana nchini kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Hizo ni dawa tatu, zina historia tatu tofauti za hataza, na juu yake kuna swali la nne: mchanganyiko wenyewe.

## Hatua ya 2: Igawe dawa vipande vipande

Kaa na mfamasia wako, muigawe dawa katika vipande vifuatavyo, kila kimoja kwenye mstari wake:

1. Kiambata chenyewe.
2. Chumvi yake na umbo la fuwele zake.
3. Mchanganyiko na viambata vingine.
4. Umbo la dawa: utando, utoaji wa polepole, viungo visivyotibu.
5. Njia ya kuitengeneza.
6. Matumizi, yaani ugonjwa unaotibiwa na namna ya kuitumia.

Sababu ni kwamba dawa hailindwi na hataza moja. Kampuni huanza na kiambata, halafu miaka inapopita huongeza hataza ya chumvi, ya fuwele, ya kidonge kipya. Kesi inayolionyesha hilo vizuri ni ya imatinib, dawa ya saratani ya damu. Novartis iliomba India hataza ya umbo la fuwele aina ya beta la chumvi ya mesylate, na tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India ikakataa. Sheria yao, kifungu cha 3(d), inataka umbo jipya la dawa inayojulikana liwe na ufanisi mkubwa zaidi katika kutibu.

Angalizo: kifungu hicho ni cha India. Nimewahi kusoma hoja za wakili msomi mmoja akikitaja kana kwamba kinamfunga Jaji wa Arusha. Sura ya 217 haina kifungu cha namna hiyo. Kesi ya India inakufundisha namna ya kufikiri, lakini hataza ya fuwele iliyosajiliwa kwetu ni hai mpaka ithibitike vinginevyo.

Ukimaliza hatua hii mfamasia wako ataangalia karatasi na kusema, "Ndiyo, hii ndiyo dawa." Akisitasita, rudieni.

## Hatua ya 3: Tafuta familia ya hataza duniani

Familia ni hataza za nchi mbalimbali zinazotokana na uvumbuzi mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Mtu akifungua PATENTSCOPE au Espacenet, hifadhidata za hataza za dunia, akaandika jina la dawa na kubonyeza tafuta, hupata maelfu ya majibu na karibu yote hayamsaidii. Hataza ya msingi yenyewe inaweza isionekane kabisa. Sababu ni rahisi: maombi ya hataza huwasilishwa miaka kadhaa kabla dawa haijapewa jina la kimataifa. Siku kampuni inaandika maombi, jina hilo bado halijazaliwa.

Chukua dolutegravir. Maombi yake ya msingi ya kimataifa ni WO 2006/116764. Kichwa chake hakitaji dolutegravir, kinazungumzia kemikali za jamii ya "carbamoylpyridone" zinazozuia kimeng'enya cha integrase cha VVU. Ukitafuta kwa jina utaambulia hataza za baadaye, za michanganyiko na za njia za utengenezaji, ukadhani umemaliza.

Fanya hivi badala yake:

Kwanza, fungua MedsPaL, hifadhidata ya Medicines Patent Pool, shirika linalotafuta leseni za hataza za dawa. Tovuti hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Andika jina la dawa, chagua Tanzania, uone inavyokuambia. Nakili namba zote kwenye lahajedwali, hata zile zinazoonekana zimekoma.

Pili, fungua Orange Book ya Marekani, uchukue namba za hataza za dawa hiyo. Huzichukui kwa sababu zina nguvu hapa. Unazichukua kwa sababu kila moja ni mlango wa kuingilia kwenye familia yake.

Tatu, peleka kila namba Espacenet na ufungue sehemu ya familia ya hataza. Utaona orodha ya ndugu zake: US, EP, IN, ZA, KE, na ile unayoitafuta zaidi, AP. Herufi AP ni za ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika.

Usiamini hifadhidata moja peke yake. MedsPaL yenyewe inategemea taarifa inazopewa na ofisi za nchi, na ofisi nyingine huchelewa kutoa taarifa.

Umefaulu pale kila kipande cha hatua ya 2 kinapokuwa na familia moja au zaidi mbele yake, au maneno "nimetafuta, sikuona" pamoja na tarehe uliyotafuta.

## Hatua ya 4: Sasa tafuta hapa nyumbani, kwenye milango miwili

Hataza ni ya nchi. Ya Marekani haivuki bahari, ya India haivuki bahari. Inayokuhusu ni ile yenye nguvu Tanzania, na hiyo inaweza kuwa imeingia kupitia BRELA moja kwa moja, au kupitia ARIPO yenye makao yake Harare.

Mlango wa pili ndio unaosahaulika. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Harare, mkataba wa ARIPO kuhusu hataza, mwaka 1999. Mwombaji hupeleka maombi mamoja ARIPO na kutaja nchi anazozitaka. Hataza ikitolewa, na nchi iliyotajwa isipopinga ndani ya muda wake, inakuwa na nguvu humo kama ilivyotolewa na ofisi ya nchi hiyo. Mtu anatafuta BRELA, hakuti kitu, anamwandikia mteja "hakuna hataza". Kumbe ipo Harare.

Fungua ukurasa wa kwanza wa hataza ya ARIPO na uusome kwa namba ndogo zilizo kwenye mabano. Namba hizi ni za kimataifa, hazibadiliki hata kama lugha ya hataza ni Kijapani:

- (22) ni tarehe ya kuwasilisha maombi.
- (30) ni taarifa za kipaumbele, yaani maombi ya kwanza kabisa yaliyofanyika nchi nyingine.
- (54) ni jina la uvumbuzi.
- (73) ni mmiliki.
- (84) ni nchi zilizotajwa.

Weka kidole kwenye (84). Tafuta TZ. Kama kuna BW, KE, MW, UG, ZM, ZW lakini TZ haipo, hataza hiyo ya ARIPO haina nguvu hapa kwetu, hata kama mwenye nayo ana jengo la ghorofa ishirini. Nimeona shauri zima likiyeyuka kwa herufi hizo mbili.

Baada ya kutafuta mtandaoni, andika barua rasmi ya kuomba upekuzi kwa BRELA na nyingine kwa ARIPO, ukitaja namba za maombi ulizozipata. Lipa ada kwa mujibu wa jedwali lao la sasa. Picha uliyopiga kwenye skrini haitakusaidia sana mahakamani. Majibu yenye saini na muhuri yatakusaidia.

Zanzibar isiingizwe kwa mazoea. Ina sheria yake ya mali ya viwandani ya mwaka 2008, ina BPRA kwa usajili, na dawa zinasimamiwa na ZFDA. Mteja akisema atauza na Unguja, hiyo ni kazi ya pili.

## Hatua ya 5: Pima uhai wa hataza

Hataza uliyoipata inaweza kuwa imeshakufa. Angalia mambo matatu.

Tarehe ya kuanzia kuhesabu. Miaka 20 huhesabiwa tangu tarehe ya kuwasilisha maombi. Kwa maombi yaliyopitia njia ya kimataifa, tarehe hiyo ni ya maombi ya kimataifa. Haihesabiwi tangu kipaumbele, wala tangu kuingia ARIPO, wala tangu hataza itolewe.

Turudi kwa WO 2006/116764. Kipaumbele chake ni 28 Aprili 2005. Maombi ya kimataifa yaliwasilishwa 28 Aprili 2006. Kuingia ARIPO kunaruhusiwa hadi miezi 31 tangu kipaumbele, yaani hadi mwisho wa Novemba 2007. Anayehesabu kwa kipaumbele anapata Aprili 2025 na kumwingiza mteja wake matatani mwaka mzima mapema. Anayehesabu kwa kuingia ARIPO anapata Novemba 2027 na kumchelewesha mteja miezi 19. Jibu sahihi kwa familia hiyo ni 28 Aprili 2026.

Kosa hilo la pili nililifanya mwenyewe mwaka wangu wa pili wa uwakili, kwenye dawa nyingine. Mteja alisubiri zaidi ya mwaka bila sababu, na mshindani wake akaingia sokoni kabla yake. Tangu siku hiyo naandika tarehe zote nne kwenye lahajedwali kwa rangi tofauti, na mtu wa pili ofisini anahesabu upya.

Muda wa hataza iliyotolewa na BRELA yenyewe. Chini ya Sura ya 217 hataza ya hapa huanza na miaka 10, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano mitano. Nyongeza hiyo haiji yenyewe. Kwa hiyo usiandike 20 kwa mazoea. Uliza rejista kama nyongeza iliombwa na ikakubaliwa.

Ada za kila mwaka. Hataza isiyolipiwa ada hukoma. Kwa zile za ARIPO ada hulipwa ARIPO kwa kila nchi iliyotajwa, na kampuni nyingine huendelea kulipia nchi chache tu zenye soko kubwa. Uliza hasa: "Ada ya TZ imelipwa hadi mwaka gani?" Uliza pia kama kuna muda wa nyongeza wa kulipa unaoendelea. Hataza iliyokosa ada mwezi uliopita usiitangaze marehemu mapema, inaweza kufufuka.

## Hatua ya 6: Soma madai, neno kwa neno

Hataza inaweza kuwa na kurasa 200. Ulinzi wake uko kwenye madai, ile orodha yenye namba iliyo mwishoni. Kurasa nyingine zinasaidia kuelewa madai, lakini hazimkatazi mtu kitu.

Kwa kuwa madai ya hataza halisi ni marefu, chukua hili la mfano:

*"Kidonge chenye kiambata A kati ya miligramu 40 na 60, kilichofunikwa kwa utando B, kinachotoa angalau asilimia 80 ya kiambata ndani ya dakika 30."*

Livunje. Kuna (a) kidonge, (b) kiambata A cha miligramu 40 hadi 60, (c) utando B, (d) utoaji wa asilimia 80 ndani ya dakika 30. Weka dosia ya mteja wako pembeni, sehemu ya 3.2.P, na ujibu mbele ya kila kipande: ndiyo au hapana, ukurasa gani.

Kidonge cha mteja ni cha miligramu 50: ndiyo. Kinatoa asilimia 85 kwa dakika 30: ndiyo. Utando ni C: hapana. Ili mtu aseme umevunja dai, lazima vipande vyote viwepo kwenye dawa yako. Kimoja kikikosekana, umetoka nje ya dai hilo.

Usishangilie haraka. Upande wa pili unaweza kudai kwamba utando C unafanya kazi ileile kwa namna ileile. Hapo ndipo unamhitaji mfamasia aandike kwa maneno yake tofauti ya tando hizo mbili, na aandike sasa, kabla ya ugomvi.

Anza na madai yanayojitegemea. Dai linalosema "kama dai la 1, ila…" ni jembamba kuliko la 1. Ukiwa nje ya la 1, uko nje ya yote yanayolitegemea.

Kwa hataza ya njia ya utengenezaji, usikisie. Mwandikie mkemia wa kiwanda akueleze njia yake, na maelezo hayo yaingie kwenye mkataba kama tamko.

## Hatua ya 7: Kuna mlango halali wa kupita?

Hataza ipo, ni hai, na dawa ya mteja iko ndani ya dai. Kazi haijaisha.

Leseni iliyokwisha kutolewa. Medicines Patent Pool husaini mikataba na wenye hataza ili viwanda vya jeneriki vitengeneze na kuuza katika nchi zilizotajwa. Ya dolutegravir ilisainiwa na kampuni ya ViiV mwaka 2014. Uliza mambo mawili: je, kiwanda cha mteja wako ni mojawapo ya walioingia leseni hiyo, na je, Tanzania imo kwenye orodha ya nchi? Lazima yote mawili yawe ndiyo. Nimeona watu wakisoma la pili wakasahau la kwanza.

Leseni ya lazima na matumizi ya serikali. Hapa hataza hutumika bila ridhaa ya mwenyewe, kwa kibali cha mamlaka. Sura ya 217 inaviruhusu. Azimio la Doha la Shirika la Biashara Duniani, la Novemba 2001, lilitamka kwamba nchi ina haki ya kuvitumia kwa afya ya watu wake. India ilifanya hivyo Machi 2012 kwa sorafenib, dawa ya saratani. Kwa mwagizaji wa kawaida njia hii ni ndefu na inahitaji utashi wa serikali. Usimuuzie mteja kama njia ya mkato.

Na hiyo 2033? Ni kweli kwamba mwaka 2015 Shirika la Biashara Duniani liliziongezea nchi zenye maendeleo duni muda wa kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Lakini hiyo ni nafasi iliyopewa serikali, na haifuti hataza yenyewe. Ili ikufae mahakamani, lazima iwe imeandikwa kwenye sheria ya nchi. Uganda iliiandika kwenye sheria yake ya mali ya viwandani ya 2014. Sura ya 217 ya Tanzania Bara haizitoi dawa kwenye ulinzi wa hataza. Ukisimama mbele ya Mheshimiwa Jaji na msamaha wa 2033 peke yake, utaulizwa kifungu, na hutakuwa nacho. Inaniuma kuliandika, maana nafasi hiyo ingewasaidia wagonjwa wetu, na nadhani tungepaswa kuwa tumeitumia.

## Hatua ya 8: Panga kalenda na dosia

Sasa ndipo TMDA inaingia. Kiwanda cha nje lazima kiwe na mwakilishi wa kiufundi aliyepo nchini. Dosia inafuata muundo wa kimataifa wa CTD wenye sehemu tano. Kwa jeneriki ya kumeza, moyo wake ni jaribio la ulinganifu mwilini: kiwango cha dawa kwenye damu kifanane na cha dawa ya mvumbuzi, mipaka ya asilimia 90 ya uhakika ikiwa kati ya asilimia 80 na 125 ya kile cha dawa hiyo. Kiwanda nacho kikaguliwe kama kinafuata kanuni za utengenezaji bora. Ukaguzi huo ndio huchukua muda kuliko mtu anavyotarajia.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku hataza inapokoma. Cheti kinadumu miaka mitano na kina ada ya kila mwaka ya kukitunza, kwa hiyo ukikipata mapema mno unalipia karatasi. Ukichelewa, wengine wameshaingia.

Je, kupeleka dosia hataza ikiwa hai ni kosa? Ulinzi wa hataza kwetu unalenga vitendo vya kiviwanda na kibiashara, na utafiti wa kisayansi uko nje. Kuwasilisha makaratasi si kuuza. Ila usiingize shehena ya mauzo ukaita "sampuli", na usitangaze bei wala kusaini mkataba wa kuuza kabla ya tarehe.

Anayelenga zabuni za serikali asome masharti ya jumla ya mkataba. Huwa kuna kifungu kinachomtaka msambazaji abebe gharama zote endapo mwenye hataza atamshtaki mnunuzi. Mzigo huo unamwangukia mteja wako mwenyewe.

Mpango wa pamoja wa kutathmini dawa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizinduliwa hapa hapa Arusha Machi 2012, na ni njia nzuri ya kuingia nchi kadhaa kwa dosia moja. Kumbuka tu kwamba tathmini ni ya pamoja, hataza si za pamoja. Rudia hatua ya 4 na 5 kwa kila nchi.

## Hatua ya 9: Andika maoni

Kurasa nne hadi sita zinatosha. Anza na jibu, halafu jedwali, halafu sababu. Taja tarehe uliyofanya upekuzi, maana maombi mapya hubaki bila kuchapishwa kwa miezi 18 na hakuna anayeweza kuyaona. Liseme hilo wazi kwa mteja. Andika kwa Kiswahili ambacho mfamasia na mfanyabiashara wote watakielewa. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, hivyo hakuna kisingizio.

Usiandike "hakuna hatari". Andika ulichotafuta, wapi, lini, na kilichoonekana.

## Ukipokea barua ya vitisho

Usiijibu siku hiyo hiyo kwa hasira, na mteja asisaini ahadi yoyote aliyoletewa imeshaandikwa. Jibu kwa heshima ukiomba vitu vitatu: namba ya hataza yenye nguvu Tanzania, uthibitisho kuwa ada zimelipwa, na dai wanalosema limevunjwa. Barua nyingi nilizowahi kujibu hivyo hazikupata mwendelezo.

Shehena ikizuiwa kwa maelezo kwamba ni "bandia", tofautisha mara moja na kwa maandishi. Dawa bandia inamdanganya mnunuzi kuhusu asili au kilichomo. Jeneriki iliyosajiliwa haimdanganyi mtu. Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji Mumbi Ngugi, ililizungumza hili Aprili 2012 katika shauri la Patricia Asero Ochieng na wenzake, watu wanaoishi na VVU, waliopinga sheria ya bidhaa bandia ya 2008 kwa kuwa ilikuwa pana kiasi cha kuzikumba jeneriki halali. Uamuzi huo haumfungi Jaji wa hapa, lakini unashawishi, na ni vizuri nakala yake iwe kwenye jalada.

Mgogoro ukifika mahakamani, unakwenda Mahakama Kuu. Kuwa na Mahakama ya Afrika Mashariki hapa mjini kusikuchanganye. Kazi yake ni Mkataba wa Jumuiya. Jambo la kwanza utakalokutana nalo huenda likawa maombi ya zuio la muda, na hayo husikilizwa haraka. Wakili aliyefanya hatua ya 4 hadi ya 6 mapema ana kiapo kinzani karibu tayari: upekuzi wenye muhuri wa BRELA, jibu la Harare, jedwali la madai, na mfamasia wa kulithibitisha. Asiyefanya atakuwa anaanza kutafuta namba za hataza huku shehena ya mteja imelala ghalani na tarehe ya mwisho ya matumizi inasogea.